Kufufua Land Rover 109 ya Jeshi: Mwongozo Kamili, Kutoka Chesisi Hadi Makorongo ya Natron

Land Rover 109 ya jeshi iliundwa ili askari mwenye mfuko mmoja wa spana aweze kuifungua porini na kuifunga tena kabla ya giza. Hiyo ndiyo thamani yake. Nimeona watu wakitumia pesa nyingi kuiongezea injini kubwa, springi ndefu na taa za kila rangi, kisha gari likaharibika Longido na hakuna fundi aliyejua limefungwaje. Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja: rudisha kwanza kila kilichokuwepo kiwe kizima, halafu ongeza kidogo, na usiongeze kitu ambacho hutaweza kukitengeneza ukiwa umelala chini ya gari kwenye vumbi.

Ninayoizungumzia ni Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, ya petroli, injini ya sentimita za ujazo 2286. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nyingi tulizokulia nazo Afrika Mashariki, zile zilizobeba abiria na magunia kupanda milimani, zilikuwa za kiraia, na baadhi ziliunganishwa Thika na Leyland Kenya. Ya jeshi ina dalili zake: bampa nene yenye pembe ndogo nyuma, ndoano kubwa ya kuvutia trela, matangi mawili ya mafuta chini ya viti, na mara nyingine taa ndogo chini ya bodi inayomulika difu ya nyuma iliyopakwa rangi nyeupe. Taa hiyo ilikuwa ya msafara wa usiku: dereva wa nyuma aliliona doa jeupe la aliyemtangulia bila taa kubwa kuwashwa.

Hatua ya 1: Kununua

Anza na karatasi. Gari la jeshi hutoka jeshini kwa mnada au kwa barua ya kuondolewa kwenye matumizi, na karatasi hiyo lazima ifuatane na gari mpaka kwenye kadi ya usajili. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, safisha, soma, linganisha na kadi. Ikiwa haisomeki au imegongwa upya, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Kama gari linatoka nje ya nchi, nenda kwanza kwa mamlaka ya mapato na ya usajili uulize kuhusu umri wa gari na ushuru, kabla hujatuma hata shilingi.

Halafu chukua nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni aloi ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu, kwa hiyo inaweza kung'aa juu ya mifupa iliyooza. Chesisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni vya chuma, na huko ndiko gari linakofia. Lala chini, gonga polepole urefu wote. Chuma kizima hulia kama kengele ndogo. Kilichooza hujibu kwa sauti butu, kama kopo lenye mchanga. Gonga zaidi ncha mbili za mbele zinazoshika springi, mikono ya pembeni inayobeba bodi, mahali chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na boriti ya mwisho kabisa nyuma. Kisha inua mazulia utazame pembe za sakafu pale dereva anapoweka miguu.

Gari langu la kwanza nililipia bila kugonga. Muuzaji alikuwa ameipaka chesisi lami nyeusi, ikaonekana nzuri sana. Wiki ileile nilipogonga, nyundo ilizama. Chini ya lami kulikuwa na bati, chini ya bati puti, na chini ya puti hakukuwa na kitu. Iliniumiza, maana pesa ile ilikuwa ya miaka miwili ya kuweka akiba.

Injini iliyokufa isikutishe, injini hutengenezwa. Giaboksi ijaribu ukiweza: teremka mlima kwa gia ya pili, kisha ya tatu, ukiachia mafuta ghafla. Gia ikiruka yenyewe, punguza bei. Ila chesisi iliyopinda, au ekseli isiyo ya gari hilo, zitakula pesa kuliko vyote.

Hatua ya 2: Nafasi, spana na kumbukumbu

Unahitaji banda lenye paa na sakafu ngumu, nafasi ya magari mawili, kwa sababu gari likifunguliwa hutandaa. Spana ziwe za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16 na 3/4 zitafanya kazi nyingi. Ukilazimisha spana za milimita utaziviringisha nati zote. Ongeza boksi spana ya milimita 52 ya nati za habu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), grainda, na stendi nne za chuma. Mawe na magogo ni ya dharura barabarani, si ya kuweka kichwa chako chini yake kwa miezi.

Siku tatu kabla ya kufungua, paka kila nati mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, asubuhi na jioni. Piga picha za kila kona kwa simu. Kila bolti iingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye oili. Andika "bolti nne za sakafu, upande wa dereva", usiandike "bolti za sakafu". Miezi sita baadaye utajishukuru.

Hatua ya 3: Kuvua

Hii ni kazi ya kufurahisha na haina siri. Boneti, fenda, milango, sanduku la nyuma la mizigo, vyote vimefungwa kwa bolti. Watu wawili wakifanya kazi vizuri, wikiendi moja inatosha kubaki na chesisi, ekseli na injini. Jambo moja tu la kukumbuka: giaboksi hutolewa kwa juu, kupitia ndani ya kebini, baada ya kuondoa sakafu na sanduku la viti, injini hutoka kwa mbele baada ya rejeta na uso wa mbele kuondolewa. Matangi ya mafuta yatoe mapema kabisa, uyapeleke mbali na mtu yeyote anayechomelea.

Hatua ya 4: Chesisi

Hapa usiwe na haraka. Kwangua kila kitu mpaka chuma kitupu. Tia alama kwa chokaa kila palipooza, kisha ongeza sentimita tano pande zote, kwa sababu kutu hutembea ndani kuliko unavyoiona nje.

Kabla ya kukata hata kipande kimoja, chomelea vyuma vya muda kuvuka chesisi viishike umbo lake, kisha pima mishazari: kutoka ncha ya mbele kulia hadi kona ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili vilingane. Nusu sentimita ni nyingi. Gereji moja iliwahi kunibadilishia boriti ya nyuma bila kufunga vyuma hivyo, na joto la kuchomelea likaivuta chesisi upande. Gari likawa linatembea kama kaa, tairi za nyuma hazifuati za mbele. Tulikata tena kila kitu na kuanza upya, ila safari hii nilisimama palepale na futi yangu mkononi.

Tumia bati la chuma la milimita 2 hadi 3, jipya, si la pipa. Kiraka cha chesisi kisiwe mraba wenye mshono unaosimama wima, kwa kuwa hapo ndipo gari litakapovunjika likirushwa na shimo. Kata ncha zake ziwe na umbo la almasi ili mshono ulale kwa mshazari. Usizibe matundu ya kutolea maji. Ukiwa na uwezo wa kupeleka chesisi nzima ikazamishwe kwenye zinki ya moto, fanya hivyo, hasa kama unaishi Tanga, Mombasa au popote upepo wa chumvi unapofika. Kama huwezi, paka red oksaidi tabaka mbili na rangi nzito juu, kisha nyunyiza ndani ya chesisi nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu, ukianza mbele ukirudi nyuma, mpaka idondoke kwenye kila tundu.

Ukuta wa injini utengeneze kwa uangalifu uleule, kwa sababu milango hulingana kwa kuutegemea. Na popote aluminiamu inapogusana na chuma, weka raba nyembamba au rangi nene katikati. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, aluminiamu huliwa ikabaki unga mweupe.

Hatua ya 5: Ekseli, habu na breki

Fungua plagi ya oili ya difu. Ikitoka nyeusi, sawa. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi zote za humo zishuku. Ekseli ya nyuma ya 109 ni Salisbury, utaitambua kwa mfuniko wa duara wenye bolti 10 kwa nyuma. Ni ngumu sana. Nyingi zinahitaji sili mpya na oili ya gia ya EP90 tu, basi.

Mbele ndiko kwenye kazi. Kila upande una tufe kubwa la kromu ambalo habu huzunguka juu yake unapokata kona. Vumbi la kwetu, hasa lile la majivu ya volkano kule Natron, hulikwaruza polepole. Lisafishe mpaka ling'ae, kisha funga macho na pitisha ukucha wako taratibu kutoka juu hadi chini. Ukucha ukinasa mahali, hata padogo, tufe hilo halifai: sili mpya itachanika ndani ya wiki mbili na oili itamwagika kwenye breki. Nunua jipya. Kuna wanaojaza grisi laini badala ya oili ili lisivuje. Kwa safari za jangwani ninaikubali njia hiyo, lakini iwe ni chaguo lako, isiwe kisingizio cha kuacha tufe bovu.

Ukilifunga, pini za juu na chini zina shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, zinazoamua ugumu wa kugeuka. Kabla hujafunga sili wala mkono wa usukani, sukuma habu kwa mkono mmoja: igeuke kwa uzito unaoeleweka, isilegee ikaanguka upande yenyewe. Ikilegea, usukani utatetemeka vibaya ukipita shimo, na mtetemo huo ukianza hauishi mpaka usimame. Beringi za habu ziachiwe nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.10, zikipimwa kwa geji ya saa.

Breki za 109 ni drami za inchi 11 pande zote. Sikuombi ubadilishe chache, badilisha zote: silinda za magurudumu, mipira, mabomba, breki shuu, na masta silinda. Drami zikiwa na makorongo ndani, zipeleke kwa fundi wa lathe. Kutoa hewa kwenye breki za gari hili huwatesa watu wengi, kanyagio hubaki laini hata baada ya chupa mbili za mafuta ya breki. Dawa yake ni hii: kaza virekebishi vya kila gurudumu mpaka drami zisizunguke kabisa, ndipo utoe hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Ukimaliza, legeza kila kirekebishi mpaka gurudumu lizunguke huru kwa mkwaruzo mdogo tu.

Gari lisiguse barabara mpaka breki zishike. Kila kingine kinaweza kusubiri.

Hatua ya 6: Springi na usukani

Springi za jeshi ni za majani mengi na ngumu, kwa sababu zilipangiwa kubeba redio, risasi na watu. Gari tupu likiwa juu yake hurukaruka. Zifungue jani moja moja, ondoa kutu, paka grisi ya grafaiti, rudisha. Majani yaliyovunjika au kunyooka peleka kwa wahunzi wa springi. Bushi za zamani hutoka kwa shida. Zichome raba kwa tochi ya gesi ukiwa nje kwenye hewa, halafu kata pete ya chuma kwa msumeno kwa uangalifu na uigonge itoke.

Kosa nililofanya hapa lilirekebishwa na mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliyepita tu kunisalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizo bolti za springi umezikaza gari likiwa juu ya stendi?"

"Ndiyo mzee, nimemaliza jana."

"Basi umezinyonga bushi. Zilegeze zote. Shusha gari chini, litie uzito wake, litikise nyuma na mbele, ndipo ukaze."

Bushi za gari hili ni raba iliyogandishwa kati ya pete mbili za chuma. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, raba inajisokota mara gari linaposhuka, na itapasuka mapema. Nilizilegeza zote siku hiyohiyo.

Wengi huuliza kuhusu springi za parabola, zenye majani mawili au matatu mazito ambayo hayagusani. Kwa gari la matembezi ni badiliko zuri kuliko yote: magurudumu hushuka zaidi kwenye mashimo, na mgongo wako utakuambia asante. Ila zifunge na shokabu zake mpya, na usitafute nyanyuko kubwa. Sentimita tano zinatosha. Ukizidisha, kros za propela, yaani viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zitafanya kazi kwa pembe mbaya na gari litakuwa rahisi kupinduka kwenye miteremko ya pembeni.

Kuhusu usukani, kuna kifaa kimoja cha hatari lazima nikitaje. Kwenye boriti ya mbele kuna rilei ya usukani, bomba la chuma lenye shafti ndani. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu sana. Ukiifungua ovyo, hurusha vipande kwa kasi ya kuvunja uso. Ivute nje ikiwa nzima, ifunge kwa gunia nene, ielekeze ukutani, ndipo uigonge. Kama inazunguka vizuri na haivuji, usiifungue kabisa: ijaze oili na uiache.

Hatua ya 7: Injini

Pima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa ya moto na plagi zote zikiwa zimetolewa. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Ikizidi, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha, isipopanda, tazama valvu na gasketi ya hedi.

Ukifungua hedi, ipeleke ikapimwe kama imepinda. Ukiirudisha, kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, mpaka futi-paundi 65. Nafasi ya tapeti zote, za valvu za kuingiza na za kutoa, ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Mpangilio wa kuwasha ni 1-3-4-2. Nafasi ya pointi za distribyuta ni inchi 0.014 hadi 0.016. Injini ikipata moto na kuzunguka mara 2000 kwa dakika, presha ya oili iwe kati ya 35 na 65 kwenye geji ya psi. Ikiwa chini ya hapo, usijidanganye kwa oili nzito, fungua sampu utazame beringi za krankshafti.

Mafundi wetu wengi wana tabia ya kutoa themostati na kuitupa, wakisema nchi hii ni ya joto. Naomba usikubali. Themostati huifanya injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Bila hiyo injini ya petroli hunywa mafuta zaidi na huliwa silinda kila asubuhi. Kama gari linachemka, kosa liko kwenye rejeta iliyoziba, feni, au pampu ya maji. Rejeta ifunguliwe juu na chini, mirija ipitishwe ufito mmoja mmoja.

Je, ubadilishe injini? Dizeli ya 200Tdi ya Land Rover hukaa kwenye gari hili, na ina nguvu ya kuzungusha kubwa sana kuliko ya petroli ya zamani. Ndiyo shida yenyewe: giaboksi na shafti za mbele hazikupimiwa nguvu hiyo, kwa hiyo mguu mzito utavivunja. Injini ya 2286 ina kama nguvu za farasi 70 tu, lakini kwenye gia ya nusu, ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi, hutambaa juu ya mawe kama kobe, haina haraka na haizimi. Kwa raha ya porini, mimi huiacha. Ukitaka nafuu ya barabara kuu, tafuta ovadraivu ya Fairey iliyotumika, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwa zaidi kidogo ya moja ya tano.

Hatua ya 8: Umeme

Ukipata gari lililokuwa la redio, umeme wake ni volti 24, betri mbili katikati ya viti, na nyaya za plagi zimefunikwa kwa chuma ili zisivuruge mawasiliano. Betri na balbu za volti 24 zimejaa kwetu kwa sababu ya malori. Tatizo ni koili na distribyuta ya aina hiyo, ambazo huzipati dukani. Ushauri wangu ni kurudi volti 12: badilisha stata, alteneta, koili, distribyuta, mota ya waipa, geji na balbu zote, kwa pamoja. Usiache hata kimoja cha 24 kikiwa kimesahaulika, na usikubali ujanja wa kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, maana betri hiyo itakufa haraka.

Wayaringi ya zamani tupa. Funga mpya, kila mzunguko na fyuzi yake, nyaya zipite ndani ya mpira, mbali na ekzosi. Weka swichi kuu ya kukata betri mahali mkono wako unapofika ukiwa umekaa.

Hatua ya 9: Rangi na bodi

Nitasema machache. Nyoosha unachoweza, acha mikwaruzo ya historia. Usipake rangi za mabaka wala namba na alama za jeshi, kwa sababu mavazi na alama za jeshi kwetu si mambo ya mchezo, na hutaki kila safari iishie kizuizini. Rangi ya mchanga au ya krimu pia hupunguza joto ndani.

Hatua ya 10: Maboresho machache

La kwanza ni la bei ndogo kabisa. Difu na giaboksi zina matundu ya kupumulia. Ukiingia mtoni ekseli zikiwa za moto, hupoa ghafla na kunyonya maji kupitia hapo na kwenye sili. Unganisha mipira midogo, ipandishe mpaka juu ya ukuta wa injini. Pia chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kutolea oili, na gari lilikuja na plagi yake ya kufunga wakati wa kuvuka maji. Itafute, ifungie mahali pa kuonekana. Ukivuka, iondoe, vinginevyo oili ya sili chakavu itajaa humo na kuloanisha klachi. Bila bomba la kuvutia hewa juu, nusu mita ya maji ndiyo mpaka wako.

Tairi ziwe 7.50 R16, au 235/85 R16 zenye kimo kinachokaribiana nazo. Lakini kwanza tazama ringi. Baadhi ya ringi za jeshi ni vipande viwili vilivyoshikwa kwa duara la nati. Nati hizo zikifunguliwa tairi likiwa na upepo, ringi hupasuka na kuua. Mimi huzibadilisha na ringi za kipande kimoja, kwa sababu siwezi kuwa na uhakika kwamba mtu wa pancha kijijini atazijua.

Ndoano ya nyuma ya jeshi ni sehemu nzuri ya kuvutwa, mradi boriti uliyochomelea ni nzima. Mbele funga ndoano mbili kwenye chesisi, siyo kwenye bampa. Winchi iwe na uwezo wa tani 4 hivi, kwa sababu 109 yenye mzigo hukaribia tani 2.7 na matope huongeza uzito. Waya ukiwa umekaza, tupa blanketi au koti zito katikati yake na kila mtu asogee mbali. Kabla ya winchi, nunua mabati mawili ya kutandika chini ya tairi kwenye mchanga, na koleo. Vimenitoa mara nyingi kuliko winchi.

Mwisho, mikanda ya viti na vyuma vya kukinga kupinduka, vilivyofungwa kwenye chesisi. Gari hili ni refu kwenda juu, na bodi yake ya aluminiamu haitakukinga.

Hatua ya 11: Safari za kwanza

Jifunze vijiti vyake ukiwa uwanjani. Kijiti cha njano ukikisukuma chini, magurudumu manne yanafanya kazi kwenye gia za kawaida. Kijiti chekundu huleta gia ya nusu, na hicho kitumie gari likiwa limesimama kabisa. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo usiendeshe magurudumu manne kwenye lami: mbele na nyuma vitavutana mpaka kitu kikatike.

Njia ninayoipenda kwa jaribio la kweli ni ya Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron. Ina vumbi laini, mawe meusi, na makorongo ya mchanga ambayo mvua moja huyabadilisha. Kabla ya kuingia korongo, shuka utembee kwa miguu mpaka ng'ambo. Punguza upepo mpaka psi 18, weka gia ya pili kwenye nusu, ingia kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, usibadilishe gia katikati. Mara ya kwanza nilipovuka hivyo, ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye mchanga, kijana aliyekuwa akichunga akawasogeza kwa fimbo, nami nikapita nikisikia injini ikinguruma chini kwa chini bila kulalamika. Nilizima ng'ambo nikashuka, nikagusa kila habu kwa kiganja. Zote zilikuwa za uvuguvugu uleule. Habu inayounguza kiganja imekazwa mno, ama breki yake inashika.

Ukirudi nyumbani, jaza upepo, kisha kaza tena nati za yu-bolti za springi, maana springi mpya hukaa na kulegea. Fungua plagi za difu utazame rangi ya oili. Baada ya kilomita 500, injini ikiwa imepoa, pitia bolti za hedi kwa toki renchi kwa mpangilio uleule, halafu upime tapeti zote nane upya.